Ndugu wa Karibu

Mimi ni afisa utumishi wa halmashauri, na uzembe hunipandisha mori. Kila Jumatatu hupiga simu vituoni, nihakiki nani yupo kazini.

Mfumo mpya wa taarifa za watumishi ulipokuja, kila mmoja alitakiwa kujaza ndugu wa karibu, wa kujulishwa akipatwa na jambo. Katika zahanati moja ya mwambao wa ziwa, mbele ya mji wa Mwandiga, karibu wote walijaza jina moja: Leonia, muuguzi wao. Wamenakiliana hawa! Nikampigia nimefura.

"Shikamoo, Mzee Nehemia."

"Marahaba. Tangu lini ukawa ndugu wa zahanati nzima?"

"Mzee, kwao ni mbali. Huyu Mbeya, yule Lindi. Wakiugua, uji nawapikia mimi."

Hasira zikapoa kidogo. "Na wewe umemjaza nani?"

"Fungua uone."

Nikafungua. Jina langu, na namba yangu ya simu.

"Leonia! Mimi nawe hata hatujawahi kuonana!"

"Ndiyo, Mzee. Lakini kila Jumatatu unapiga kuuliza kama bado nipo. Nani mwingine anauliza?"