Kiti cha Upande wa Kulia

Mubanga alipolirudisha lori, Yolande alikuwa ameinama mchangani akigeuza chisense, vile visamaki vidogo vya Ziwa Mweru, na mgongo ulikuwa umemkaza tangu asubuhi.

"Mayo," Mubanga aliita, maana kwa Kibemba mama mtu mzima huitwa hivyo, na babu huitwa bashikulu. "Gari ya bashikulu imepona. Sasa inashinda yangu."

"Wewe una gari gani, Mubanga?"

"Njo maana inashinda."

Yolande alicheka, akajipangusa magamba mikononi. Lori lilikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mume wake, Sébastien, alilijenga mwaka ule ule walipovuka ziwa kuikimbia vita, wakapata chumba Kashikishi, upande wa Zambia. Ng'ambo, Pweto ya Kongo, alikuwa dereva, na jioni alikuwa na starehe moja tu: kutengeneza magari madogo yanayofanana na ya kweli mpaka kwenye mikwaruzo. Yale ya Pweto yalibaki rafuni na nyumba ikabaki wazi. Hili alilianza upya kwa makopo ya maziwa. Kila mita ya lori la kweli aliipima kwa njiti moja ya kiberiti. Matairi aliyakata kwenye kandambili zilizokufa, taa zikawa zile pakiti ngumu zinazong'aa za vidonge vyake vya presha. Rangi ya bluu ilikuwa masalio ya mtumbwi wa Mubanga, na Mubanga hakutaka hata samaki mmoja kwa rangi ile.

Halafu Sébastien akapooza upande wa kulia, maneno yakamtoka. Lilibaki moja, "bon." Uji ukiwa mtamu, bon. Uji ukiungua, bon. Yolande alijifunza kuzitofautisha. Na mchana kutwa mzee alilala akiliangalia lori lake dirishani, mpaka siku kuku aliporuka pale akaliangusha. Kibanda cha dereva kilibonyea, sakafu yake ikang'oka pamoja na usukani. Mubanga, aliyevusha watu kwenda visiwa vya Chisenga na Kilwa humo ziwani na kujitengenezea mtumbwi mwenyewe, alilibeba bila kuombwa. Alilinyoosha kwa nyundo ndogo, akaliunga kwa risasi ya kulehemu, akalipaka bluu mpya.

Sasa Yolande aliliweka mbele ya mumewe. Sébastien alilitazama kwa muda mrefu, nje, kisha ndani kupitia kioo cha plastiki. Halafu akageuza uso ukutani.

"Amechoka," Yolande alimwambia Mubanga, ili asiumie.

Lakini mzee hakusema bon jioni ile, wala asubuhi. Kijiko kikija, alifunga mdomo. Mama wa kliniki alikuja, akambonyeza ngozi ya mkono, akamvuta Yolande nje ya mlango. "Asipokula, mukwai, hatatufikisha mbali," alisema kwa adabu, kisha akamwachia sukari yake mwenyewe aliyokuwa ameifunga kwenye leso.

Yolande alijua shida ni lori. Hakujua ni nini ndani ya lori. Alidhani ni rangi, maana bluu ya Mubanga iling'aa kama chombo kipya, na lori lao lilikuwa limefifia kwa jua. Basi akawa mchoraji uzeeni. Alichanganya rangi na majivu, akapaka kwa nywele za mbuzi alizofunga kwenye kijiti. Sébastien aliangalia, akageuka ukutani.

Akadhani ni vumbi. Akapuliza udongo mwekundu juu ya rangi mbichi, kama alivyomwona mumewe akifanya. Mzee akageuka. Akadhani ni moshi, akaushika mshumaa chini ya bomba la nyuma mpaka likawa jeusi kama la kweli. Bado.

"Papa," alimwambia mumewe, "mimi si fundi. Nionyeshe hata kwa kidole."

Sébastien alinyanyua mkono wake mzima, ukatangatanga hewani bila kulenga kitu, ukaanguka juu ya blanketi. Machozi yalimtoka kwenye jicho moja. Yolande aliyafuta kwa ncha ya kitenge, akatoka kugeuza samaki, kwa sababu samaki hawangoji. Huko nje akatamani kulala palepale mchangani.

Aliporudi, alikaa kwenye mkeka na lori mapajani. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja alichokumbuka. Ngazi ya kupandia ya lori la kweli, upande wa kulia, ilikuwa imekwisha rangi. Miguu yake mwenyewe ndiyo iliyoimaliza, maana miaka yote Sébastien akisafirisha mihogo na samaki, yeye alipanda naye kwenda kuuza. Akaanza kuikwangua ile rangi kwa sindano, taratibu. Kichwa kilikuwa kizito, na mwili, kama unavyofanya ukichoka, ukaenda peke yake: mkono wa kulia kwenye mlango, mguu kwenye ngazi, jivute, inama usigonge kichwa, kaa.

Magoti yake yakagonga usukani.

Yolande aliacha kukwangua. Alilisogeza lori kwenye mwanga, akachungulia karibu mpaka pua ikagusa plastiki. Kwenye kiti cha kulia kulikuwa na kipande cha kitenge chake cha njano, alichokikata Sébastien akiwa bado na mikono miwili. Na mbele ya kile kitenge ulisimama usukani.

Mubanga alikuwa ameuweka upande wa malori yote aliyopata kuyaona Kashikishi. Huku Zambia dereva hukaa kulia. Kwao Kongo hukaa kushoto. Kwa mkono mwema, yule mtu alikuwa amemtoa Yolande garini.

Alipasha msumari moto kwenye makaa ya mbaula, jiko lake, akaung'oa usukani, akatoboa sakafu upande wa kushoto na kuusimamisha kwa lami. Ulikaa kombo kidogo. Kidole kiliungua, akakinyonya. Kisha akalipeleka lori kitandani.

"Tazama, Papa. Nimerudi nafasi yangu."

Sébastien alichungulia ndani. Akakaa hivyo, akihema polepole.

"Bon," alisema.

Yolande aliijua bon hiyo. Akachukua uji, uliokuwa umepoa, na mdomo ukafunguka.

Mubanga alipita kesho yake na perege wawili. Macho ya fundi hayakukawia. "Mayo, nani alihamisha usukani?"

"Mimi."

"Nilikosea?"

"Ulitengeneza gari ya Zambia, tena muzuri. Lakini hii iko ya Pweto. Dereva anakaa huku, mimi ninakaa hapa."

Mubanga aliinama, akakiona kitenge, akaona na tundu mbele yake. Alijikuna kisogo.

"Yaani nilimukalisha bashikulu kwenye magoti yenu."

"Barabara nzima, mutu muzito vile."

Sauti ilitoka kitandani, kama mtu anayekohoa. Ilikuwa nusu ya mdomo wa Sébastien ikicheka.

"Nizibe hili tundu?" Mubanga aliuliza.

"Liache. Na sisi tunakaa Zambia sasa."

Mubanga aliwaweka perege kwenye beseni, akachungulia nje kwenye mchanga. "Samaki zenu zimeanza kukauka upande moja," alisema, akatoka, akainama kuzigeuza mwenyewe.

Yolande alisimama kidogo, asijue mikono aipeleke wapi. Kila siku alikaa kushoto kwa mumewe, upande ulio hai, karibu na kijiko. Leo alizunguka kitanda, akaketi kulia, akaushika ule mkono usiohisi kitu, akafumba macho.