Kichwa Kilichoinama Dirishani

Neno "nitakuombea" mimi nililitoa kama mwenzangu wa saluni anavyosema "karibu tena". Mteja kachukua gauni lake, kanieleza shida yake mlangoni, namwambia nitakuombea, na kabla hajavuka barabara nimeshashika mkasi. Sijui lilianza lini kunitoka hivyo. Najua tu kwamba wakati huo nilikuwa kiongozi wa maombi wa kina mama kanisani kwetu, mwaka wa tisa, na mwenye cheo hicho hawezi kumwambia mtu "pole" akanyamaza.

Tena nilikuwa na daftari. Msinicheke. Ni daftari la vipimo kama la fundi cherehani yeyote: ukurasa wa kushoto mabega, kifua, kiuno, urefu. Ila wa kulia niliandika haja ya mteja. Mume arudi. Mguu. Mtihani wa mtoto. Watu walilipenda daftari lile kuliko mshono wangu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye dukani akishona vifungo na kukunja pindo, alizoea kunichokoza: "Wifi, vipimo nakuona unarudi kuviangalia. Hizo haja nazo unazirudia lini?" Namwambia ashone vifungo, aache umbea.

Lakini alikuwa anajua. Kwenye chumba cha hatua nne kwa tatu utamficha mtu nini?

Sasa kulikuwa na huyu mwalimu. Anafundisha darasa la pili kwenye shule iliyo mwisho wa barabara yetu, na tunasali kanisa moja. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Sare za yule mtoto nilizishona mimi tangu chekechea, na kila sare nilimwachia upindo mrefu akue nao. Mwaka jana akaugua siku sita, akafa. Upindo wa mwisho haukuwahi kufunguliwa.

Miezi miwili baadaye mwalimu akaja na sketi zake tatu nizipunguze. Nikampima kiuno. Daftari lilisema thelathini na nne, futi ikasema thelathini. Nikaandika thelathini.

"Dada fundi," akasema, "mimi siwezi kuomba tena. Kanisani naja, mdomo unacheza, ndani hamna kitu. Nikifumba macho naona giza tu. Na naogopa. Imani ikiniponyoka, mwanangu nitakuja kumwona wapi?"

"Nitakuombea, Mwalimu."

"Uniombee asubuhi basi. Saa kumi na mbili na nusu ndipo napita hapa kwenda shule. Nikijua kuna mtu ananiombea saa hiyo, nitafika."

"Kila siku. Ondoa shaka kabisa."

Nikaandika ukurasa wa kulia: Mwalimu, imani, kila siku saa kumi na mbili na nusu. Nikapigia na mstari. Haki ya Mungu, nilikuwa nimekusudia. Nikasahau kabla sijamaliza zipu ya sketi ya pili.

Na saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nafanya nini? Hapa ndipo uso wangu unapowaka. Nilikuwa naangalia simu. Wifi anakuja saa moja, kwa hiyo ile nusu saa ilikuwa yangu peke yangu, na mimi nilikuwa mlevi wa zile video fupi za watu wasionihusu: wake wenza wanatukanana, bibi harusi kamkimbia bwana harusi, jirani kamwagia jirani maji machafu. Dirisha langu linatazama barabarani. Kiongozi wa maombi hawezi kuonekana anaangalia upuuzi huo mapema yote hiyo. Basi simu naiweka mapajani, naifunika na kitambaa cha kazi nikiacha upenyo wa kuchungulia, nainamisha kichwa, mikono yote miwili chini ya meza, kimya, sitikisiki. Miezi minane hiyo.

Jumatano moja mwalimu akaingia na kitambaa cha rangi ya samawati. Anataka gauni la Jumapili. Nikampima, futi ikasema thelathini na tatu.

"Umerudi, Mwalimu!" nikamtania. "Punguza maandazi, kitambaa hakitatosha."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

"Jumapili nasimama kutoa ushuhuda," akasema. "Mchungaji nimeshamwambia. Na nimemwambia wewe utasimama na mimi."

"Mimi tena? Nimefanya nini?"

"Aa, usijitie hujui." Akanishika mkono, mkono wenyewe una chaki ya kuchoria nguo. "Dada fundi, kila asubuhi nilikuwa napita hapo nje nakuona. Umeinamisha kichwa, mikono iko chini mapajani, hata honi ikipigwa huinuki. Sijawahi kukusemesha, nisikukatize. Unakumbuka ile Jumatatu ya mvua kubwa, bomba la maji la paa lako lilipodondoka? Siku hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani nimekata shauri. Nilikuwa naenda kwa mchungaji anifute kwenye kitabu cha washirika. Nimechoka kudanganya. Nikapita hapa, bomba limedondoka, maji yanaingia mlangoni kwako, na wewe umeinama tu. Nikajiambia, kama yule bado anaomba na maji yako miguuni, mimi ni nani wa kuondoka? Nikaenda shule. Jioni ile nikaomba. Neno moja tu, lakini niliomba."

Wifi alikuwa anakata uzi kwa meno. Akabaki nao mdomoni.

Na mimi naikumbuka ile Jumatatu. Naikumbuka vizuri sana. Wanawake wawili walikuwa wanagombania wigi sokoni, na kwa vile mvua ilikuwa inapiga kelele niliongeza sauti ya simu.

"Bwana asifiwe," nikasema. Ndicho kilichonitoka.

Alipoondoka, wifi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Wifi," akasema, "nyamaza. Nakujua, kiherehere chako kitakupeleka kusema. Nyamaza hivyohivyo."

"Nisimame mbele ya kanisa zima nivishwe kilemba cha ukoka?"

"Kivae! Mungu kaitumia hata hiyo simu yako, wewe nani wa kumharibia kazi? Yule mama kasimama juu ya kile kichwa chako kilichoinama. Ukikiondoa akianguka, utamjibu nini Mungu? Na mtoto wake je?"

Hilo la mtoto lilinimaliza nguvu. Maana wifi hakusema upuuzi. Nikisema ukweli, huenda mwalimu akarudi kulekule gizani, na safari hii mimi ndiye niliyemsukuma. Nikinyamaza, imani yake itakuwa imeegemea uongo wangu, na yeye hajui.

Alhamisi asubuhi simu niliiacha nyumbani. Nikainama, nikasema leo naomba kweli. Mwalimu akapita, akainua mkono kidogo, na mimi, mjinga mkubwa, nikajikuta nakaza uso ili nionekane naomba. Nilitamani ardhi inimeze. Ijumaa ikawa vilevile. Hata kuomba kwenyewe nilikuwa nimekugeuza maigizo.

Jumamosi alasiri akaja kujaribu gauni. Lilimkaa vizuri. Anajigeuza mbele ya kioo, pini bado ziko pindoni, na mimi nimepiga magoti sakafuni na pini nyingine mdomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka kwenye kimto cha pini.

"Mwalimu, mimi sikuwa nakuombea."

Akatabasamu. Alidhani najishusha.

"Sikuwa nakuombea hata siku moja. Nilikuwa naangalia simu. Iko mapajani, nimeifunika watu wasiione, ndiyo maana nainama."

Alinitazama kwenye kioo, hakugeuka. Cherehani ya wifi ikanyamaza.

"Ile siku ya mvua?"

"Na siku ile."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Ee Mungu wangu, si angeuliza kingine chochote! "Watu wawili," nikasema.

"Watu wawili wanafanya nini?"

"Wanagombania wigi."

Akacheka. Si kicheko cha Jumatano. Kilitoka kwa nguvu, kikakatika, na wifi akainuka akatoka nje kabisa. Mwalimu akaingia nyuma ya pazia. Nilimsikia anavuta zipu, anahema, anachomwa na pini anasema "aii!" Akatoka na nguo zake za zamani, gauni la samawati kalikunja vizuri kama anavyofundisha watoto kukunja sweta, akaliweka mezani juu ya daftari. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Jumapili hakuja. Mchungaji alipofika kwenye ushuhuda akaita jina lake, akaangaza macho, kisha akaniita mimi: basi mama yetu wa maombi atueleze kwa niaba. Nilisimama. Nikawaeleza. Nilisema simu, nilisema mapajani, nilisema hata wigi, na huko nyuma mtu akacheka akanyamazishwa. Nikasema na nyie wengine mlioandikwa kwenye daftari langu, haja zenu nyingi sikuzigusa, nisameheni. Cheo nikakiacha palepale mbele ya madhabahu. Narudi kukaa, mama mmoja niliyemwandikia "mguu" akavuta mkoba wake kunipisha, kisha akatazama pembeni. Mume wangu alinishika kiwiko njia nzima mpaka nyumbani kama anamsindikiza mgonjwa, na hakusema kitu. Wifi yeye alisema, tena sana. Nilimsikiliza.

Lakini aibu ya kanisani si ile iliyoniuma. Ile hupoa. Iliyoniuma ni kiti cha mwalimu, cha tatu kutoka dirishani, kilichokuwa kitupu.

Jumatatu nilifungua duka saa kumi na mbili. Simu sikuja nayo. Nilifikiri kufunga pazia nisionekane, kisha nikaona huko nako ni kujificha tu, nikaliacha. Nikakaa. Nikainama. Nilitaka kumwomba Mungu amshike mwalimu kwa vile mimi nimemwachia, na sikujua pa kuanzia. Maneno yangu yote mazuri ya mbele ya kina mama, yale ya kupanda na kushuka, hayakuja. Nikabaki nasema, "Mungu wangu. Mungu wangu." Machozi yanadondokea kwenye suruali ya mteja.

Nikasikia viatu vyake. Navijua, kisigino kimoja kimelika. Vilikuwa vinapita upande wa pili wa barabara. Vikasimama. Vikavuka. Sikuthubutu kuinua kichwa.

"Leo unaangalia nini?" Sauti ilikuwa dirishani, karibu kabisa.

"Hakuna, Mwalimu."

"Weka mikono juu ya meza niione."

Mwanamke wa miaka hamsini na mbili mimi, nikaweka mikono yangu mezani, viganja juu, kama mtoto wa darasa la pili.

"Nilisikia ulichosema jana kanisani," akasema. "Watu watatu wamenipigia simu kabla sijanywa chai." Akahamishia mkoba bega la pili. "Jumamosi nilikuchukia. Hata sasa hivi sijamaliza. Lakini nimekaa siku mbili natafuta jambo moja silipati. Kama wewe hukuwa unaomba, mimi nilishikwa na nani?"

Kwa mara ya kwanza sikutunga jibu.

Akaingia ndani. Akavuta kigoda cha wateja, akakaa mbele yangu, mkoba wa madaftari ya wanafunzi magotini.

"Kipindi changu ni saa moja na robo," akasema. "Omba sasa. Kwa sauti, nisikie. Na umtaje mwanangu."

Nikafumba macho. Nikalitaja jina la yule mtoto, jina nililokuwa nikiliandika juu ya vipimo tangu ana miaka minne, na sauti ikanigoma hapohapo. Nikaanza upya. Ikagoma tena.

"Bado nasikiliza," akasema mwalimu.