Sahani ya Mzee wa Masaka

Kilichomtia Lillian kinyaa kuliko vyote ni ile sahani ya plastiki. Ilikuwa juu ya kigoda, mlangoni kwa mzee wa Masaka, pembezoni mwa Kigali, imechorwa ua jekundu katikati, na juu ya ua hilo kulikuwa na mate yaliyochanganyika na damu, na vinyama viwili visivyozidi punje ya harage. Nzi walikuwa wanajilia. Alimfunika uso binti yake Gaju, mtoto wa miezi saba, kwa kitenge, akajiuliza ilikuwaje akafika hapa kwa miguu yake mwenyewe.

Yeye, Lillian! Mtu wa kuchemsha chupa za mtoto mara mbili. Mtu aliyekulia Karagwe, akamwona mtoto wa jirani akikatwa kimeo Jumamosi na kuzikwa Alhamisi. Mama mkwe wake alipolitaja tu jambo hilo, alimjibu kwa ukali hadi mumewe, Bruce, akamtaka aombe radhi. Hakuomba.

Shida ilianzia kliniki. Daktari alimsikiliza Gaju kifuani, akahamisha kipimo, akasikiliza tena.

"Moyo una sauti ndogo ya ziada," alisema. "Watoto wengi wanayo na wala haiwadhuru. Ila tuupige picha tuwe na uhakika. Mrudi baada ya wiki mbili."

Katika maneno yote hayo, Lillian aliondoka na moja tu: sauti. Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Akimnyonyesha, sikio kifuani. Akimwogesha, sikio kifuani, povu likimwingia. Na aliisikia, fyu, fyu, hata akiwa ofisini na mtoto yuko nyumbani kwa bibi yake. Aliogopa kumzika mwanawe, ndilo lililokuwa likimla, na wiki mbili zilikuwa nyingi mno. Siku ya tano mama mkwe akarudia yale yale.

"Mama Gaju, ile si moyo. Ni kirimi, kile kinyama cha ku koo, ndiyo iko inaziba pumzi. Docteur haiwezi kuona ile, hakusoma ile. Muzee wa Masaka anakata dakika moja, mutoto anapona."

Na Lillian, badala ya kukasirika, akauliza njia.

Gari aliliacha mbali, nyuma ya nyumba inayojengwa, asije akaonekana na mtu anayemjua. Uani alimkuta mwanamke mmoja tu, Joselyne, na mwanawe mgongoni, akikohoa. Alikuwa ameshainuka kwenye benchi, lakini alipomwona Lillian akakaa tena, akamsogezea nafasi kwa heshima.

Sasa mzee akatoka. Mkononi alikuwa na waya wa tairi la baiskeli, ncha imekunjwa kama ndoana. Aliufuta kwenye suruali, pajani, pale penye doa jeusi la kufutia siku zote. Hakuridhika. Akaupitisha katikati ya midomo yake, akaunyonya, akatema pembeni.

"Nani anafuata?" aliuliza, na bila kungoja jibu akanyoosha kidole chenye ukucha mrefu wa njano amfungue Gaju kinywa.

Lillian aliupiga ule mkono. "Usimguse!"

Alisimama, akaelekea njiani. Joselyne akamwita.

"Madamu, unaenda?"

"Huu ni uchafu! Uchafu mtupu!"

"Hata mimi nilikuwa nimeinuka nirudi kwangu," Joselyne alisema taratibu. "Ile sahani ilinishinda. Nikaona weye unaingia, mutu wa bureau, wa ofisi, iko na viatu safi. Nikasema, kumbe ni dawa ya kweli. Nikakaa."

Lillian aliviangalia viatu vyake. Alijiona mchafu kuliko yule mzee, maana mzee hakuwa na daktari wa kumweleza lolote. Na mzee alikuwa ameshamgeukia Joselyne, kidole mbele. Lillian akarudi mbio, akamshika mwanamke mkono, akamvuta hadi kwenye gari.

Joselyne alikaa nyuma na watoto wote wawili. Walikuwa wanaelekea kituo cha afya, na njiani Lillian alimwambia kila kitu: kliniki, sauti, picha ya moyo wiki ijayo, na kwamba daktari alisema watoto wengi hawadhuriki.

Joselyne alimweka Gaju vizuri mapajani. Mwanawe alikohoa.

"Madamu," alisema, "kama docteur alishakuambia vizuri hivyo, weye ulikuwa unatafuta nini kule?"

Lillian alishusha kioo na kutema mate barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Kigali. Alitema tena, na tena, lakini uchafu haukumtoka mdomoni.