Makofi Mawili Ubavuni mwa Gari

Kiganja cha mjukuu wangu kilikuwa bado kimebandikwa ubavuni mwa gari, na mwenyewe anacheka, pale kitu kilipopasuka chini ya tairi la nyuma. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa mkavu, kama mtu amekanyaga bati. Mwanangu alikanyaga breki.

Nieleze kwanza habari ya hayo makofi, maana bila hivyo mtu atadhani mwanangu ni dereva wa hovyo, naye si wa hovyo. Anaendesha gari la kiwanda cha mikate tangu hajaoa, na hajawahi kuparuza hata ukuta. Gari lenyewe nyuma limejaa trei mpaka juu, kioo cha nyuma kimezibwa, kwa hiyo yeye huona kwa vioo vya pembeni tu. Wapakiaji wakimaliza kupanga mikate na kufunga mlango, mmoja wao hupiga ubavu wa gari makofi mawili, pa, pa. Maana yake: nenda, nyuma hakuna kitu. Dereva haulizi. Anayepiga makofi amekwisha kuangalia kwa niaba yake.

Desturi hiyo akaja nayo nyumbani, kama wengine wanavyokuja na vumbi la kazini kwenye viatu. Wanawe ni mapacha, wasichana, wa darasa la pili. Mmoja tunamwita Kasuku kwa kuwa hata usingizini anaongea. Mwenzake tunamwita Kimya, na sababu yake haihitaji maelezo. Asubuhi huwapeleka shule kwa gari hilohilo, wamekaa kwenye benchi nyuma ya viti vya mbele, wananukia mkate kama wao ndio waliookwa. Wakifika wanashuka kwa mlango wa kusukuma, wanaufunga, na mmoja anapiga makofi mawili. Baba anaondoka. Waliligombania jukumu hilo mpaka ikabidi wapangiwe zamu.

"Leo zamu yangu," Kasuku alisema asubuhi ile, hata hatujatoka uani.

"Tumesikia," baba yake akamjibu. "Mtaa mzima umesikia."

Mimi nilikaa mbele. Alikuwa anipitishe kliniki nikapime presha. Nje ya shule palikuwa hapapitiki. Magari yamepanda mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu, honi juu ya honi, akina mama wanawafunga watoto vifungo vya mashati huku injini zinanguruma. Mwanangu alijipenyeza humo, akaingiza pua ya gari karibu na ukuta wa shule, mahali ambapo kutoka ni lazima urudi nyuma.

"Shukeni haraka, wanangu, tumewazibia watu."

Nikasikia mlango unasukumwa. Nikasikia kitu kinadondoka na kubingirika, nisikitilie maanani. Mlango ukafungwa. Pa, pa. Mwanangu akatia gia ya kurudi nyuma. Nikageuka dirishani niwapungie mkono wajukuu zangu, nikamwona Kasuku, meno yote nje. Nikamtafuta wa pili. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka niulize yuko wapi, na gari lilikwisha kuanza kwenda.

Hapo ndipo kile kitu kilipopasuka.

Nimezika mume, nimezika dada zangu, na sikujua kwamba damu inaweza kusimama mwilini na mtu akabaki amekaa wima. Mwanangu alivuta breki ya mkono. Akazima gari. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akatazama ule ukuta mbele yake. Midomo ilicheza kwanza, sauti ikaja baadaye.

"Mama," alisema, "shuka wewe ukaangalie. Mimi siwezi."

Magoti yangu hulalamika hata kwenye kizingiti cha mlango. Siku ile hayakusema kitu. Nilishuka, nikaushika ubavu wa gari kwa mkono, nikaufuata kuelekea nyuma, na ule ubavu ulikuwa haufiki mwisho. Kasuku alikuwa ameacha kucheka. Nyuma yetu mwanamke mwenye gari dogo alitoa kichwa dirishani.

"Jamani nyie wa mikate, sogeeni basi! Na sisi tuna kazi!"

Niliinama. Chini ya tairi niliona mkanda wa begi la shule. Kando yake kopo la chakula limekuwa bapa kama bahasha, na kitu chekundu kimetapakaa juu ya lami. Yule mwanamke alikuwa ameshuka kuja kutugombeza, naye akakiona. Nikamsikia anasema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo sana, kisha akajishika kichwa.

Ulikuwa mchuzi wa nyanya. Hilo nalijua sasa. Wakati ule sikulijua.

"Bibi."

Kimya alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, chupa yake ya maji ameikumbatia kifuani, magoti meupe kwa vumbi.

"Bibi, begi langu."

Chupa ndiyo iliyobingirika. Ilikwenda chini ya gari, naye akazunguka nyuma, akavua begi, akaliweka chini, akatambaa kuifuata bila kumwambia mtu, kwa kuwa huyo huwa hamwambii mtu kitu. Mwenzake akadhani ametangulia getini kama siku zote. Gari lilipotikisika alijitupa pembeni. Kati ya lile begi na mahali alipokuwa amelala, kiganja changu kingejaza nafasi yote.

"Mzima!" nilipiga kelele. "Mwanangu, yupo! Mzima!"

Hakushuka. Ilibidi nimpeleke mtoto mpaka kwenye dirisha lake. Alimgusa masikio, akamgusa mabega, akamshika vidole kimoja kimoja, uso wake mkavu, kama mtu anayekagua mzigo ambao haamini kwamba umefika. Kisha akafungua mlango, akatapika kando ya gari.

Mlinzi wa geti alileta maji. Mwalimu wa zamu akamchukua Kimya ndani, akimpangusa magoti. Yule mwanamke wa gari dogo alikuwa akisimamisha magari mengine kwa mikono yake mwenyewe. Katika purukushani zote hizo hakuna aliyemtazama Kasuku. Nami sikumtazama. Nilipogeuka alikuwa ameshaingia getini, anatembea peke yake.

Kliniki sikwenda. Presha yangu nilishaijua palepale. Nilibaki garini na mwanangu, maana sikuona mtu wa kumwacha naye. Mkewe alipopiga simu kutoka kazini, kama anavyopiga kila asubuhi, alimwambia, "Wamefika," akakata. Tukaenda mwendo wa kusindikiza jeneza. Kila penye mtoto barabarani alisimama, hata kama mtoto mwenyewe yuko ng'ambo, mgongoni mwa mama yake.

Kiwandani tulipakia mzigo wa pili. Mpakiaji mmoja, jitu la miraba minne wanaloliita Bonge, alifunga mlango wa nyuma, akapiga. Pa, pa.

Nilimwona mwanangu anaruka kwenye kiti kama aliyepigwa yeye. Hakuwasha gari. Alishuka, akazunguka gari lote, akainama kila tairi.

"Kaka, umedondosha nini huko?" Bonge akauliza. "Mchumba?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Siku hizi hutuamini? Mimi nimeangalia, hakuna kitu. Nikuapie?"

"Najua umeangalia."

"Sasa?"

"Usilipige tena gari langu, Bonge. Nakuomba."

Alilisema polepole tu. Bonge alitaka kurudisha utani, akanitazama mimi dirishani, akauacha. Akajifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu.

Mchana tulirudi kuwachukua watoto. Gari aliliacha mbali, kwenye uwanja mtupu karibu na kituo cha maji, tukaenda getini kwa miguu. Kimya alitoka kwanza, begi la kuazima mgongoni. Kasuku alimfuata, mikono yote ameibana kwapani kana kwamba kuna baridi. Mwalimu wa zamu akaniambia kwamba tangu asubuhi hakufungua mdomo, na penseli aligoma kuishika.

Tulikuwa njiani kuelekea uwanjani Kimya aliponivuta kanga.

"Bibi, anasema mkono wake ni mbaya."

Mwanangu alisikia. Alisimama, akaangalia mbali. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule mtoto, mazuri yote, na nikaona hakuna hata moja litakaloingia.

Tulipofika kwenye gari, mwanangu alinipa mimi ufunguo.

"Mama, ushike. Usiutie popote."

Akamnyanyua Kasuku, akamkalisha kwenye kiti cha dereva. Miguu ilining'inia mbali na pedali.

"Piga magoti juu ya kiti. Hivyo. Angalia kile kioo, na kile. Mimi nakwenda nyuma. Ukiniona, sema."

Alikwenda nyuma ya gari, akachuchumaa palepale pa asubuhi, usawa wa tairi.

"Unaniona?"

Mtoto aliangalia kioo cha kulia. Akaangalia cha kushoto. Akajinyoosha mpaka pua ikagusa kioo cha mlango.

"Sikuoni." Ilikuwa mara ya kwanza nisikie sauti yake tangu asubuhi, imekwaruza.

"Na sasa?"

"Sikuoni, baba."

"Angalia vizuri. Umekaa kwenye kiti changu. Mimi nikikaa hapo naona hivyohivyo unavyoona wewe."

"Hakuna kitu. Kuna uwanja tu." Kisha sauti ikampanda. "Baba, toka huko! Toka, sikuoni!"

Hakutoka. Kutoka niliposimama nilimwona amepiga magoti, kiganja ameweka chini kwenye vumbi, kichwa kimeinama, mabega yanamtikisika. Sidhani kama alikuwa bado anamfundisha mtu.

Kasuku alitoa mikono kwapani, akafungua mlango mwenyewe. Alishuka kwa tumbo, akitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Akalizunguka gari kutokea mbele, upande ule mrefu, akiinama kila tairi, mpaka akamfikia baba yake. Akanyanyua kiganja. Kikabaki hewani, kama mtu aliyesahau njia. Kisha akakishusha taratibu mgongoni mwa baba yake, bila mlio, akakiacha hapo.

Nilikuwa nimeubana ule ufunguo mpaka ukaniachia alama mkononi.