Karanga Zisizo na Ganda

Malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kufika Mpwapwa, Yudith, mjane wa mwanangu, alibangua karanga zake zote, hata za mbegu, ili awauzie. Wanunuzi hawakurudi. Mvua ilipokaribia tukafungua gunia, na kila punje ilikuwa na tundu.

“Ganda ndilo ukuta wake,” nikamfokea. “Mdudu akilikuta zima, anahangaika nalo mpaka anachoka. Wewe umemfungulia mlango.”

“Mama, sasa utanirudisha kwetu?”

Hasira ikaniishia. Nikashusha zangu kutoka darini, zikiwa bado na maganda, nikampa moja aipasue. Ndani zilikuwamo mbili, nzima.

“Kapande,” nikamwambia. “Na usiniulize tena habari ya kurudi kwenu. Kwenu ni hapa.”