Chini ya Mkeka wa Toba

Kisu cha kuchezea ngoma ya moto huwa butu. Kila mama hapa mtaani kwetu Otara anajua hivyo, ndiyo maana tunawaacha watoto wetu warushe visu hivyo hewani, ncha zote mbili zinawaka, huku sisi tumekaa tunakula magimbi. Lakini mzee Talosaga, mkuu wa ukoo mmoja wa upande wa pili wa barabara, alishasema kisu butu ni mchezo wa kuwafurahisha watalii. Akamnolea mjukuu wake Fetu, na huyo Fetu akaja na kisu hicho kwenye tamasha la mtaa, uwanjani nyuma ya maduka.

Kikamponyoka mara mbili. Watu wakaguna kwa huruma. Mwanangu Malaki, aliyekuwa anasubiri zamu yake, hakuguna. Alipuliza vidole kama mtoto aliyegusa sufuria ya moto, akarukaruka anamlilia mama yake. Uwanja ukavunjika mbavu. Nami nilicheka, tena sana.

"Rudia uone," Fetu akamwambia.

"Nirudie nini? Ushaangusha mara mbili, kaka. Ya tatu niachie mimi."

Fetu akakizungusha kisu, akakirusha, kikamjia Malaki usoni. Mtu mwingine angekimbia. Malaki amefundishwa tangu utotoni kwamba kisu kikija kinazunguka, unakidaka. Akakidaka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vikaanguka kwenye nyasi, na mafuta yaliyokuwa yakiwaka kwenye kisu yakavimwagikia.

Hapo tamasha likaisha, ikabaki vita. Wapiga ngoma wetu waliingia na fimbo zao, watu wa Talosaga wakajibu kwa viti. Nilimwona mke wa mchungaji akimtwanga mtu kwa bakuli la tambi. Mimi nilimkamata Fetu nywele, nikambamiza uso kwenye ngoma ya gogo mpaka jino likamtoka, na nisingevutwa ningeyatoa yote. Malaki alikuwa amepiga magoti anapapasa nyasi, anatafuta vidole vyake. Hospitali wakasema vimeungua, haviungiki tena.

Kesho yake kulipokucha nikawakuta uani kwangu. Talosaga na Fetu walikuwa wamepiga magoti mbele ya mlango, wamejifunika mkeka laini gubigubi, ule tunaoutoa kwenye harusi na misiba. Mbele yao waliweka kuni na mawe ya tanuri, maana yake, tumekosa, mkitaka tupikeni. Ukiufunua mkeka umesamehe. Usipoufunua wanabaki hapo hapo, na ukiwapiga hawanyanyui mkono kujikinga.

Sikuufunua. Nilichemsha chai, nikainywa nikiwatazama dirishani. Hasira hasara, wanasema. Waseme wao, vidole si vya watoto wao. Jua likapanda, mzee akaanza kukohoa humo ndani, nikasema moyoni, kohoa.

Simu ikalia. Ni Aukuso, mdogo wangu wa kiume.

"Dada, bado wapo?"

"Wapo."

"Usiwafunue. Nakuja."

"Unakuja na nini?"

"Gongo la kriketi."

"Aukuso, utaua mtu."

"Kwani ulidhani nakuja kucheza?"

Akakata. Namjua ndugu yangu, hatishii bure. Alishafungwa kwa sababu ya ngumi zake, na ana watoto wadogo. Akimuua yule kijana, ndiyo basi, atazeekea ndani.

Kwetu ndugu wa kiume hamgusi dada yake. Hata awe amepandwa na mashetani, dada akimkalia njiani anarudi nyuma. Njia rahisi ilikuwa kuufunua mkeka yaishe, na hiyo sikuitaka, Mungu ananiona. Kwa hiyo nilitoka, nikainua ukingo wa mkeka, nikaingia, nikakaa katikati yao. Aukuso akifika getini nitamwita.

Humo ndani joto lilikuwa la kutosha kuivisha magimbi. Fetu, mdomo umemvimba, akaninong'oneza, "Mama, nisamehe."

"Nyamaza. Sikuja kwa ajili yako."

"Umekuja kwa ajili ya nani, basi?" mzee akauliza.

"Wewe mnoa visu ndiyo ufunge mdomo kabisa."

Nilikuwa nasikilizia geti. Aukuso hakupita getini. Aliruka uzio wa nyuma, akazunguka nyumba, na pigo la kwanza likanitua begani kabla sijatoa neno. La pili lilinivunja mkono wa kushoto, mfupa ukachomoza nje. Fetu akajilaza juu yangu, la tatu likampata yeye, nikasikia mbavu zikilia. Nikapiga yowe. Gongo likaanguka chini.

"Dada?" Aukuso akasema. "Dada, unafanya nini humo?"

Siku niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Aukuso uani, amepiga magoti, amejifunika mkeka wa marehemu mama yetu, kuni na mawe mbele yake. Hakuwa peke yake. Talosaga na Fetu walikuwa wamerudi, kwa kuwa na wao sikuwa nimewafunua, na Aukuso aliwapisha wakaingia chini ya mkeka ule ule.

Nikawaacha juani wote watatu. Mimi sina upendeleo.

Malaki akatoka na bandeji yake, akasimama karibu yangu. Chini ya mkeka Fetu alikuwa akivuta pumzi kwa shida, kila mara inakatika katikati.

"Mama, mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema."

"Aliyekatwa ni mimi. Nimechoka kuwatazama."

Nilitaka kumkaripia. Machozi yakanitangulia, nikayafuta kwa hasira. Mkeka wa namna ile ni mpana na hauburuzwi chini, kwa hiyo mtu hawezi kuufunua kwa mkono mmoja.

"Shika upande huo," nikamwambia.

Yeye alikuwa na mkono wa kushoto, mimi nilikuwa na wa kulia. Tukauinua.