Kifua cha Sarel na Paka wa Kiwanja cha Kumi na Nne

Mtu akikwambia paka ni mnyama mtulivu, muulize kama amewahi kusafiri naye kutoka Kroonstad, bara kabisa ya Afrika Kusini, mpaka baharini. Sarel Oberholzer alisafiri naye, na walipofika milima ya mwisho alikuwa ameshaapa zaidi ya mara moja kwamba atamshusha njiani, akajitegemee. Paka alianza kulia langoni mwa shamba. Alilia walipojaza mafuta, akalia kuzishinda nyimbo za dini redioni, na aliponyamaza ilikuwa ni kwa sababu anatapika ndani ya kofia ya Sarel. Kofia yenyewe mpya, zawadi ya Krismasi.

Mkewe, Martie, alikuwa amepakata kikapu cha paka mapajani, anamwimbia. Nyuma yao karavani ilikuwa inayumba, ile nyumba ya magurudumu wanayoikokota kila Desemba kwenda likizo.

"Baba, usiendeshe kwa hasira," akasema Martie. "Kapteni anaona."

"Na mimi naona kofia yangu," akajibu Sarel.

Kapteni ndilo jina la huyo paka. Alikuwa dume kubwa la rangi ya chungwa, sikio moja limekatika ncha, na sura yake wakati wote ni ya mtu aliyecheleweshewa chakula. Mwaka uliotangulia walimwacha kwa binti yao, Elna. Kilichotokea huko, Elna hasimulii bila kukaa chini. Paka aligoma kula, akachana mapazia, akarudi kwao mifupa mitupu. Basi Desemba hii Martie alisema neno moja tu: Kapteni asipokwenda, na yeye haendi. Sarel alimjua mkewe. Akishasema hivyo hata umvute kwa trekta hatoki.

Sasa tatizo. Kambi ya Skulpbaai, huko ufukweni wanakokwenda, hairuhusu wanyama, na ubao langoni unasema hivyo kwa herufi kubwa. Anayekutwa na mnyama anafungasha siku ile ile, na kiwanja chake anapewa mwingine moja kwa moja. Na pale kiwanja si mahali pa kuegesha tu, ni urithi. Baba yake Sarel aliegesha kiwanja cha kumi na nne, chini ya mti pekee wenye kivuli cha maana, bahari iko mlangoni. Sarel alimleta Martie hapo kwenye fungate. Watoto wao walijifunza kutembea kwenye nyasi zile. Akikipoteza angesogezwa kule nyuma, jirani na vyoo, pamoja na wanaochelewa. Sarel aliona heri kuzikwa.

Tena alikuwepo mtu anayesubiri jambo hilo kwa hamu. Msimamizi wa kambi, Faan Kitshoff, alikuwa mzee wa kanisa, kaptura imepigwa pasi, soksi mpaka magotini, anazunguka na kigari cha umeme kisichotoa mlio. Shemeji yake, Tewie, alikuwa jirani wa vyoo miaka mingi, na ndiye wa kwanza kwenye foleni ya viwanja vizuri. Bets, mke wa Faan, alimkumbusha mumewe habari za huyo Tewie, kaka yake, asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo maana kile kigari kilipita kiwanja cha kumi na nne mara nyingi kuliko viwanja vingine vyote.

Maisha ya kificho yakaanza. Choo cha Kapteni, beseni la mchanga, kiliwekwa pale pa kuogea ndani ya karavani, na Sarel akawa ananyoa ndevu huku paka yuko kazini miguuni pake, wote wawili hawatazamani. Mchanga ulitakiwa mpya kila kukicha. Kwa hiyo Sarel akaonekana kila asubuhi ufukweni na ndoo. Majirani wakauliza, mzee, mchanga wa nini? Kwa kukosa la kusema akajibu anajenga ngome. Basi ikabidi ajenge. Mtu mzima wa miaka sabini kasoro, amepiga magoti kwenye maji, anafinyanga minara, na watoto wa kambi wamesimama wanamsahihisha. Wakambandika jina, Mjomba Ngome. Martie alikuwa anachungulia dirishani na kucheka mpaka mbavu zinamuuma, wala hakutoka kumsaidia.

Siku moja Sarel alikuwa mlangoni anakunywa kahawa, Faan akajitokeza na kigari chake. Wakaanza kuzungumza habari za mvua. Humo ndani Kapteni akatoa sauti ndefu, ya kuonewa, ile ya kudai kiamsha kinywa cha pili.

"Ni nini hicho?" akauliza Faan.

"Kifua," akasema Sarel.

"Kifua?"

"Kinanibana tangu tufike. Hewa ya bahari."

Faan hakuondoka. Alizima kigari, akakunja mikono, akangoja. Sarel akaona maji yamemfika shingoni. Akavuta pumzi, akajikaza, akalia nyau ndefu kutoka tumboni, akaimalizia kwa kikohozi ili iwe na heshima. Faan alimtazama kwa muda mrefu, akampa pole, akakiri kwamba hajawahi kusikia kifua kibaya namna ile. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini hawakutuambia mtu afanye nini kikohozi chenyewe kikiwa na mkia.

Habari za kifua cha Sarel zikaenea. Kambi ile ina watu wema, na wema wao hauna breki. Mmoja akaleta maji ya vitunguu yaliyochemshwa na sukari, mwingine mafuta ya mbuni ya kuchua, mwingine brandi na asali. Wote walisimama pale pale kuhakikisha mgonjwa anameza. Sarel alimeza vyote. Brandi aliomba arudiwe.

Ikafika Jumapili ya baada ya Krismasi, siku ambayo kambi nzima hula pamoja, meza moja ndefu juu ya nyasi, kila nyumba na bakuli lake. Mfalme wa meza hiyo ni samaki snuku, mrefu kama mkono wa mtu, aliyepasuliwa na kuchomwa juu ya makaa huku anapakwa siagi na jamu ya aprikoti. Mchomaji ni Faan, na mtu mwingine haruhusiwi hata kupuliza moto. Samaki akiiva, Faan humweka mbele yake mwenyewe na kumlinda mpaka sala iishe.

Joto la siku hiyo lilikuwa la kukaanga yai. Hewa ilikuwa imesimama, na lile beseni la mchanga lilikuwa limeanza kusema. Martie alimfungia Kapteni ndani, Sarel akavuta mlango kuhakikisha umefunga, wakaenda mezani wameridhika. Kitu kimoja Sarel alisahau. Asubuhi, kwa ajili ya ile harufu, alikuwa amefungua kidirisha cha kwenye paa la karavani.

Kwa watu hawa sala ya chakula si mchezo. Vichwa vinainama, macho yanafumbwa, na anayechungulia ataitafuna aibu yake mpaka Krismasi ijayo. Faan mwenyewe aliwahi kumsimamisha bwana arusi mezani kwa sababu alimtupia jicho bibi arusi katikati ya sala. Alimwuliza mbele za watu kama anamsaidia Mungu kulinda viazi. Yule kijana alitaka ardhi ipasuke immeze.

Mchungaji Bruwer akasimama, wote wakafumba. Mchungaji huyu haombi kwa haraka. Aliombea mvua, akaombea walioko barabarani, akaombea wajane, akaiombea timu ya raga ya jimbo, ambayo kwa kweli ilihitaji. Kisha akafika kwa ndugu Sarel na kifua chake, kifua ambacho, Bwana, hata sisi majirani tumekisikia kikilia. Wakati huo Sarel akahisi kitu laini kinampitia kwenye magoti. Akafungua jicho moja.

Kapteni alikuwa juu ya meza. Alipita katikati ya saladi ya viazi bila kukanyaga hata kiazi kimoja, akazunguka bakuli la maharage, akamfikia snuku. Akamnusa. Akamng'ata nyuma ya kichwa, akaanza kurudi naye kinyumenyume, taratibu, kama watu wanaohamisha kabati. Sarel akageuza jicho upande, na jicho lake likagongana na macho ya Faan. Yote mawili yalikuwa wazi, yamemtoka pima.

Walitazamana. Uso wa Faan uliiva, ukapauka, ukaiva tena. Sarel akajua yamekwisha. Akaiona karavani ya Tewie chini ya mti wa baba yake, na soksi za Tewie zimeanikwa kwenye tawi. Kidogo alie kweli, safari hii bila kuigiza.

Sauti ya Mchungaji nayo ikakwama. "Na kifua hicho, Bwana, ukitie... ukitie..." Akakohoa. Sarel akamgeuzia jicho lake. Mchungaji alikuwa amelifumba jicho la kushoto tu. "Na utulinde na wanyang'anyi," akaendelea Mchungaji, sauti inatetemeka, "wakubwa kwa wadogo, hasa wadogo, na hasa wale wanaokwenda kinyumenyume." Mtu mwingine angesema amina hapo hapo. Yeye aliona kwamba akisema amina macho yote yatafunguka, na mwenye kulaumiwa wa kwanza ni aliyekuwa anaomba huku anatazama. Basi akaendelea kuomba. Aliombea wavuvi, wachimba madini, mabaharia, akaombea nchi ambazo hata majina yake hakuwa na hakika nayo. Huko mwisho wa meza, alipoketi Martie, kitambaa cha meza kikainuka kwa upepo, paka na samaki wakashukia chini yake, wakatokomea nyuma ya karavani.

"Amina," akasema Mchungaji, pumzi zimemwishia.

Macho yakafunguka. Kwenye sahani kubwa palikuwa na jamu na kipande cha limau. Faan akainuka polepole, kidole kimemnyookea Sarel.

"Nimemwona," akasema. "Nimemwona kwa macho yangu mwenyewe."

"Umemwona nani?" akauliza Bets, mkewe. Kisha paji lake la uso likakunjamana. "Umemwona lini, Faan?"

Hilo ndilo swali ambalo bwana arusi yule alikosa akili ya kuliuliza. Naye alikuwepo hapo mezani, sasa baba wa watoto wawili, na alishusha uma wake akamgeukia Faan kwa utulivu mkubwa. Kambi nzima ikamgeukia. Faan akapima. Upande mmoja kiwanja cha kumi na nne na amani nyumbani kwake, upande wa pili jina lake la mzee wa kanisa. Kidole cha Faan kikaanza kulegea, kikakunjika.

"Nimemwona ndugu Sarel," akasema Faan. "Tangu juzi namwona. Amekonda. Mpeni viazi vitamu."

"Vema sana," akasema Mchungaji bila kuinua uso kwenye sahani. "Tena samaki hawafai kwa kifua. Tule."

Wakala. Sarel alirundikiwa viazi vitamu mpaka akashindwa kumwona mkewe, na alivila vyote kwa furaha, kila kimoja.

Asubuhi ya kuondoka Faan alikuja na kigari chake. Kapteni alikuwa amekaa dirishani, juani, tumbo limejaa, analamba mguu. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumficha tena. Faan alimtazama paka, paka akamtazama Faan.

"Kifua kimepona?"

"Kimetulia," akasema Sarel.

"Mwakani?"

"Mwakani, ndugu Faan. Kumi na nne."

"Kumi na nne," akakubali Faan, kwa uchungu wa mtu atakayekwenda kumweleza mkewe. Akawasha kigari, kisha akasema bila kugeuka, "Mwakani nitakaa upande wa pili wa meza. Upande ule jua linanipiga, macho hayafungi vizuri."

Njiani Sarel hakuweza kujizuia. Alimsimulia Martie mambo yote, huku anacheka hata karavani ikayumba nyuma. Faan alivyotoa macho, Mchungaji na jicho lake moja, Kapteni alivyolikwepa bakuli la maharage. Martie akamwacha amalize.

"Na wewe, baba," akasema, "uliyaonaje yote hayo?"

Kikapuni paka alikuwa anakoroma. Sarel akajaribu kuanza habari ya moshi, kwamba moshi wa makaa ulimwingia jichoni, Martie akampiga kofi dogo gotini.

"Nyamaza tu. Kwani wewe ulidhani kile kitambaa kiliinuliwa na upepo?"

Sarel akakumbuka lile joto. Siku ile hata jani halikutikisika.